Kusakinisha bila Kufukuza: Matoleo Mawili ya Lugha ya Programu katika Tarakilishi Moja

Utangulizi

Si ajabu siku hizi kumkuta mtafiti wa Kiswahili akiitumia tarakilishi kwa kazi inayozidi kupiga chapa tasnifu yake. Wapo wanaohesabu maneno ya riwaya, wanaoorodhesha vitenzi pamoja na minyambuliko yake, na wanaolinganisha urefu wa sentensi za mwandishi mmoja na za mwingine. Kazi ya aina hii huhitaji programu, nayo programu huandikwa kwa lugha yake maalumu. Lugha hizo, sawa na lugha za wanadamu, hubadilika. Tofauti ni kwamba mabadiliko ya Kiswahili huja polepole katika vinywa vya wasemaji, ilhali lugha ya programu hubadilika kwa tangazo, na kila badiliko hupewa nambari yake ya toleo.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi ya kuweka toleo jipya la lugha ya programu katika tarakilishi bila kuliharibu toleo la zamani ambalo bado lina kazi. Pili, yanaonyesha kwamba suala hili si la mafundi wa tarakilishi pekee, kwani linagusa ukweli wa matokeo tunayoyaandika katika tasnifu zetu. Lugha itakayotumiwa kama mfano ni Python, kwa sababu hutumiwa sana katika uchanganuzi wa matini na kwa sababu historia yake inalibainisha tatizo hili waziwazi. Mfano wa mazingira nao utatoka Buruburu, mtaa wa Eastlands, Nairobi, ambao ulijengwa kwa awamu.

Neno 'kusakinisha' na maana yake

Wanafunzi wa isimu hawatakosa kuona kwamba istilahi yenyewe inabeba fundisho. Kitenzi 'sakini' maana yake ni kukaa au kuishi mahali. Kina uhusiano na nomino 'maskani', yaani makao. Tunapokinyambua katika kauli ya kusababisha tunapata 'sakinisha', yaani kumfanya mtu au kitu kikae mahali. Kwa hiyo kusakinisha programu ni kuipa makao ndani ya tarakilishi: folda yake, jina lake la kuitiwa, na vifaa vyake.

Hakuna popote katika maana hiyo panaposema kwamba anayesakinishwa ni lazima amfukuze aliyetangulia. Dhana ya kufukuza inatokana na mazoea yetu ya programu za kawaida. Mtu anaposasisha kivinjari chake, toleo la zamani hutoweka na jipya hukaa mahali pake, na mara nyingi hapana hasara. Lugha ya programu haifanani na kivinjari. Juu yake zimejengwa kazi nyingine, na kuiondoa ghafla ni sawa na kuuondoa msingi ilhali nyumba ingali na watu.

Hapa ndipo Buruburu inapotufaa. Mtaa huo ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 hadi miaka ya 1980. Awamu ya Pili ilipokamilika, Awamu ya Kwanza haikubomolewa. Wakazi wa Awamu ya Tano na wa Awamu ya Kwanza wamekuwa majirani kwa miongo mingi. Anayemtembelea rafiki yake hasemi tu kwamba anaenda Buruburu. Sharti ataje awamu, kisha uwanja wa nyumba, kisha nambari ya mlango. Asipotaja, atazunguka Barabara ya Mumias Kusini hadi jua lizame. Matoleo ya lugha ya programu nayo huweza kuishi pamoja kwa amani vivyo hivyo, mradi kila toleo liwe na anwani yake na kila anayeliita alitaje kikamilifu.

Chimbuko la tatizo

Python ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum, na toleo lake la kwanza likatolewa kwa umma mwaka 1991. Python 2.0 ilitolewa Oktoba 2000. Mnamo Desemba 2008 ilitolewa Python 3.0, nayo haikuwa nyongeza ya kawaida. Waliohusika waliamua kwa makusudi kurekebisha makosa ya awali ya lugha hiyo hata kama programu za zamani zingekataa kufanya kazi katika toleo jipya. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Python 2 hazikuweza kuendeshwa na Python 3 bila ya kurekebishwa.

Uhamaji ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Python 2.7, iliyotolewa mwaka 2010, ilikuwa imepangiwa kukoma kuhudumiwa mwaka 2015, lakini muda huo ukaongezwa hadi mwaka 2020. Tarehe 1 Januari 2020 huduma hiyo ilisitishwa, na toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatolewa Aprili mwaka huohuo. Tangu hapo, hitilafu yoyote ya kiusalama inayogunduliwa katika Python 2 hairekebishwi na wenye lugha hiyo.

Kwa zaidi ya miaka kumi basi, dunia ya watumiaji wa Python iliishi na matoleo mawili yasiyoelewana kikamilifu. Hata maktaba mashuhuri ya uchanganuzi wa lugha iitwayo NLTK, iliyoanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, iliyahudumia matoleo yote mawili kwa miaka kadhaa kabla ya kuachana na Python 2 mwaka 2020. Programu zilizoandikwa na watafiti katika kipindi hicho zingalimo katika flashi, katika sahani za CD, na katika viambatisho vya tasnifu. Anayetaka kuendeleza kazi ya mtangulizi wake atakutana nazo.

Hatari kwa mtafiti wa Kiswahili

Tuchukulie kwamba mwanafunzi wa uzamili anaishi na wazazi wake katika Awamu ya Tatu, Buruburu. Amerithi programu ya mwaka 2009 inayokokotoa wastani wa maneno katika sentensi, naye anataka kuitumia kulinganisha matini mpya na zile zilizochunguzwa zamani. Tarakilishi ya nyumbani ni moja tu, na mdogo wake anajifunza kuunda tovuti kwa Python ya kisasa. Mdogo huyo anataka toleo jipya. Dada anahitaji la zamani. Kila mmoja ana haki, na tarakilishi ni ileile.

Jambo la kwanza watakalogundua ni tofauti za sarufi. Katika Python 2, kuagiza maneno yaonyeshwe kwenye kiwambo huandikwa hivi:

print "Hujambo"

Katika Python 3, agizo hilohilo sharti liwe na mabano:

print("Hujambo")

Kosa la aina hii si la kuogopwa. Programu hukataa kuendelea, huonyesha mstari wenye kasoro, na mtumiaji akajua pa kurekebisha. La kuogopwa ni lile ambalo halipigi kelele. Katika Python 2, nambari kamili ikigawanywa kwa nambari kamili kwa alama ya mkwaju, jibu huwa nambari kamili na desimali hutupwa. Hivyo 7/2 ni 3. Katika Python 3, 7/2 ni 3.5. Alama ni ileile, sarufi ni sahihi katika matoleo yote mawili, bali maana ni tofauti.

Tutazame maana hiyo katika utafiti. Tuseme tuna matini tatu zenye sentensi 60 kila moja. Ya kwanza ina maneno 420, ya pili maneno 479, na ya tatu maneno 480. Programu ya zamani, ikiwa mwandishi wake hakuchukua tahadhari, itatoa wastani wa 7 kwa matini ya kwanza, 7 kwa ya pili, na 8 kwa ya tatu. Matini mbili zinazotofautiana kwa maneno 59 zitaonekana kuwa sawa, na mbili zinazotofautiana kwa neno 1 zitaonekana kuwa mbali. Programu hiyo ikiendeshwa kwa Python 3, majibu yatakuwa 7, 7.98 na 8. Mtafiti aliyejenga hoja ya kimtindo juu ya takwimu za kwanza atakuwa amejenga juu ya mchanga. Naye atakayeilinganisha takwimu ya toleo moja na ya toleo jingine, bila kujua, ataona tofauti ya waandishi mahali palipo na tofauti ya matoleo tu.

Hatari ya pili inahusu maandishi yenyewe. Chukua neno 'ng'ombe'. Likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, lina alama 7, nazo zitahesabiwa hivyo katika matoleo yote mawili. Hata hivyo, programu nyingi za kupigia chapa huibadilisha ritifaa hiyo bila kuuliza na kuifanya ya kupinda. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti 3 katika mfumo wa usimbaji uitwao UTF-8. Python 2, ambayo kwa kawaida huyatazama maandishi ya faili kama msururu wa baiti, itasema kwamba neno hilo lina urefu wa 9. Python 3, ambayo huyatazama maandishi kama herufi, itasema 7, mradi faili isomwe kwa usimbaji wake sahihi. Anayechunguza utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ataona tofauti kubwa zaidi, kwa kuwa kila herufi ya hati hizo huchukua baiti 2.

Ikumbukwe kwamba toleo jipya si dawa ya kila kitu. Programu inayokata maneno kwa kufuata kanuni ya Kiingereza inaweza bado kulitenga 'ng' na 'ombe' hata katika Python 3. Ujuzi wa Kiswahili wa mtafiti hauwezi kubadilishwa na nambari ya toleo.

Kila toleo na mlango wake

Sasa tugeukie utaratibu wenyewe. Msingi wa kuelewa ni kitu kinachoitwa PATH, yaani orodha ya folda ambazo tarakilishi huzipitia kwa mpangilio kila inapopewa jina la programu. Mtumiaji akiandika neno 'python', tarakilishi huanza na folda ya kwanza katika orodha. Ikimpata mwenye jina hilo humwita huyohuyo, wala haiendelei kutafuta. Ugomvi mwingi kati ya matoleo hautokani na matoleo yenyewe, bali na majina mawili yanayofanana kugombea nafasi ya kwanza katika orodha hiyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kupakua chochote, ni kujua nani yuko nyumbani. Amri ifuatayo hutaja toleo linaloitikia:

python --version

Katika mfumo wa Windows, toleo la 2.7 kwa kawaida lilijisakinisha katika folda ya C:\Python27, na kila tawi la Python 3 hujiwekea folda yake lenyewe. Hazigongani. Kisakinishi cha Python 3 huuliza kama mtumiaji anataka toleo hilo liongezwe katika PATH. Ambaye bado ana kazi ya zamani na aache kisanduku hicho bila alama hadi atakapokuwa na hakika. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, kisakinishi hicho kilikuja na mwitaji aitwaye 'py' ambaye kazi yake ni kumpigia hodi anayetakiwa. Dada ataandika:

py -2.7 wastani.py

Mdogo wake ataandika:

py -3 tovuti.py

Hakuna atakayegusa kitu cha mwenziwe. Amri ya 'py --list' huonyesha matoleo yote yaliyomo.

Katika mfumo wa Linux, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu baadhi ya zana za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python. Mtumiaji wa Ubuntu anayeifuta Python 3 iliyokuja na mfumo wake, kwa nia njema ya kuweka toleo jipya zaidi, anaweza kujikuta na tarakilishi isiyofungua hata dirisha. Toleo la mfumo ni la mwenye nyumba. Liachwe mahali pake. Anayejenga Python kutoka katika msimbo wake wa asili atumie amri ya 'make altinstall' badala ya 'make install'. Amri hiyo humpa mgeni jina kamili, kama vile python3.12, bila kumnyang'anya mwenyeji jina la python3. Njia nyingine ni kutumia programu iitwayo pyenv, ambayo huweka kila toleo katika folda ya mtumiaji, mbali na mfumo. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuiagiza folda ya tasnifu itumie toleo la 2.7.18 na folda nyingine zote zitumie toleo jipya.

Zamani utaratibu huu ulikuwa mgumu kwa sababu ya gharama. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti nchini Kenya ilitegemea setilaiti, na kupakua faili kubwa katika saiba kulimaliza pesa ya nauli. Leo kisakinishi cha Python kwa Windows hakifiki megabaiti 50. Hata hivyo ni busara kuhifadhi nakala ya kisakinishi cha toleo ulilolitumia pamoja na tasnifu yako, kwa kuwa atakayekufuata atalihitaji.

Chumba kwa kila kazi

Kuwa na matoleo mawili hakutoshi. Kazi mbili zinazotumia toleo moja la lugha zinaweza kuhitaji matoleo tofauti ya maktaba, mathalani NLTK ya mwaka fulani na NLTK ya mwaka mwingine. Kwa ajili hiyo Python 3.3 ilileta zana iitwayo venv, ambayo huunda kile tunachoweza kukiita mazingira pepe. Kwa Python 2, kazi hiyo ilifanywa na zana iitwayo virtualenv. Amri yake kwa Python 3 katika Linux ni fupi:

python3 -m venv tasnifu

Mazingira hayo ni kama chumba chenye mlango wake ndani ya nyumba ileile. Vyombo vinavyoletwa chumbani humo havichanganyiki na vya jikoni wala vya chumba cha pili. Kazi ikiisha, folda hufutwa na nyumba hubaki ilivyokuwa. Mtafiti akitaka kuandika orodha ya vyombo vyake vyote pamoja na matoleo yake, atatumia amri ya 'pip freeze' akiwa ndani ya mazingira hayo. Orodha hiyo inastahili ukurasa katika viambatisho vya tasnifu kama inavyostahili hojaji.

Namna ya kuhama

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini Python 2 haihudumiwi tena, na kuendelea kuitumia katika kazi inayounganishwa na mtandao ni kujitafutia balaa. Ibaki basi kwa kusomea na kuhakikishia kazi za zamani, na kazi mpya zote ziandikwe kwa Python 3. Uhamaji wenyewe ufuate hatua hizi.

Mosi, iendeshe programu ya zamani kwa toleo lake la zamani, juu ya matini ileile iliyotumiwa na mtangulizi, na uyahifadhi matokeo. Pili, itafsiri nakala ya programu hiyo kwa Python 3, huku ukiiacha ya asili bila kuguswa. Ilikuwapo zana iitwayo 2to3 iliyosaidia katika tafsiri hiyo, nayo ilisambazwa pamoja na Python 3 hadi ilipoondolewa katika toleo la 3.13 la mwaka 2024. Zana hiyo iliweza kuongeza mabano ya 'print', lakini haikuweza kukisia kama mwandishi alikusudia desimali zitupwe au zibaki. Ilirekebisha sarufi na kuiacha semantiki kwa binadamu. Tatu, iendeshe nakala mpya kwa Python 3 juu ya matini ileile. Nne, yalinganishe matokeo. Yakilingana, umehama salama. Yakitofautiana, itafute kila tofauti hadi uijue sababu yake, kisha uiandike.

Hatua ya nne ndiyo inayodai kwamba matoleo yote mawili yawe katika tarakilishi moja kwa wakati mmoja. Aliyelifuta la zamani siku alipolileta jipya hana cha kulinganishia. Atabaki na takwimu mbili zisizokubaliana na asiweze kujua ni ipi iliyo sahihi.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kusakinisha ni kutoa makao, na kwamba toleo jipya la lugha ya programu linaweza kukaribishwa bila la zamani kutolewa nje. Njia zake ni tatu: kila toleo lipewe folda na jina kamili, kila kazi ipewe mazingira yake, na uhamaji ufanywe kwa kulinganisha matokeo ya pande zote mbili. Dada na mdogo wake kule Buruburu wanaweza kuitumia tarakilishi yao moja bila ugomvi.

Wito wetu kwa wanafunzi wenzetu na kwa wahadhiri ni huu. Tasnifu yoyote ya Kiswahili inayotumia programu kuhesabu au kuchanganua matini itaje katika sura ya mbinu za utafiti jina la lugha ya programu, nambari kamili ya toleo, na matoleo ya maktaba zilizotumiwa. Wasimamizi wa tasnifu nao waulize. Tumezoea kumdai mtafiti ataje toleo la riwaya aliyoisoma na mwaka wake wa kuchapishwa, kwa sababu tunajua kwamba kurasa hubadilika kutoka chapa moja hadi nyingine. Wastani wa maneno nao hubadilika kutoka toleo moja la lugha hadi jingine, kama tulivyoona kwa maneno 479 na 480.